Alama za Skii Zilizoishia Katikati ya Mteremko

Shemeji yangu Torgeir alikaa chini ya theluji dakika kumi na tisa. Najua, kwa sababu nilitazama saa.

Theluji kuporomoka mlimani si ajabu. Ajabu ni kwamba siku ile taarifa ya hatari ya maporomoko, inayotolewa kila siku, ilisema namba mbili kati ya tano, na mbili kwetu ni kama ruhusa.

Ngoja niwaeleze.

Naitwa Steinar. Nina miaka hamsini na mbili, shule niliiacha nikiwa na kumi na sita, naendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Bondeni kwetu, huku Norwe, kondoo ni wengi kuliko watu.

Tuna mteremko wetu. Baba alinionyesha, naye alionyeshwa na baba yake. Unatazama kaskazini, jua haliugusi, ukishuka na skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, unahisi unaelea. Sheria ni moja tu: hautajwi mbele ya mgeni.

Bonde la jirani waliutaja mteremko wao mtandaoni. Leo ni foleni ya magari ya Wajerumani na watu wa Oslo, wenyeji wanaegesha kwenye zizi.

Jumamosi kabla ya Pasaka, asubuhi, Torgeir kanipigia.

"Shem! Umeona? Jana tatu, leo mbili! Amka, mzee!"

"Umesoma maneno ya chini, au namba tu?"

"Maneno ya chini wanasoma mapadri. Mbili ni mbili."

Wengi tuko hivyo. Namba iko juu, kubwa, ya manjano. Chini yake ndipo penye mambo: miteremko ya kaskazini, juu ya mita mia saba, kuna tabaka la theluji ya chembechembe kama sukari, limefukiwa, halishiki kitu. Uzito wa mtu mmoja unatosha kuliamsha.

Na mstari wa mwisho kabisa: "Wiki hii hatujapata taarifa yoyote kutoka mabonde ya ndani."

Bonde letu ni mojawapo. Niliusoma huo mstari. Nikatia simu mfukoni, nikafunga mkate na jibini la kahawia, machungwa mawili, nikatoka.

Tukapanda, yeye mbele. Kwenye mita mia nane akasimama, akaonyesha chini kwa fimbo.

"Alama za skii za nani hizi?"

"Zangu. Nilipanda Alhamisi."

"Mbona zimeishia hapa? Umegeuka kama mtu aliyesahau pochi."

"Miguu ilichoka."

Alicheka mpaka akainama. "Miguu! Ngoja mke wangu Ragnhild asikie kaka yake kazeeka! Pumzika hapo, babu. Nikifika juu nitakuita."

Lishikeni jibu langu hilo.

Alipiga hatua kama arobaini.

Vuuum.

Sauti nzito, kama mlango wa ghala umefungwa chini ya ardhi. Ufa ukakimbia kutoka kushoto hadi kulia, chap. Kisha mteremko wote ukaanza kutembea, na Torgeir juu yake; mimi niliyesimama ukingoni theluji ikanipita kando.

 Aligeuka, akanitazama. Halafu hakuwepo.

Nikawapigia waokoaji. Kila mmoja wetu huvaa kifuani karedio ka kutafutana. Nikakageuza kangu katafute ka Torgeir. Mita hamsini. Nane. Mbili.

Nikachoma fimbo ndefu. Theluji. Theluji. Theluji. Kitu laini.

Theluji ikishaporomoka inakaza kama zege. Nilichimba kwa beleshi mpaka mikono ikatoka damu. Nilipoufikia uso wake, ulikuwa wa bluu. Nikampulizia mdomoni mpaka helikopta ikatua.

Siku tatu baadaye tumekaa hospitali, mimi na dada yangu Ragnhild, mke wake. Akaja mama mmoja, Gunnvor, mmoja wa wanaoandika zile taarifa. Akatoa picha iliyopigwa kutoka angani.

"Nataka kujua tulikosea wapi," akasema. "Tulishusha hadi mbili kwa sababu hakuna aliyetuambia kitu. Lakini tazameni. Kuna mtu alipanda kabla yenu, akafika hapa, akageuka. Theluji nzuri namna hii, hugeuki bure. Aliona nini?"

Ragnhild hakuitazama picha. Alinitazama mimi. Alhamisi ile nilipita kwake kunywa kahawa, skii zangu zikiwa bado na theluji.

"Kaka. Uliona nini?"

Nikasema yote.

Alhamisi sauti ile ile ililia chini ya miguu yangu. Ufa ukakimbia hatua ishirini. Niligeuka pale pale, nikashuka. Huku kwetu mtu yeyote anaweza kutuma kwa simu alichokiona, dakika tano tu, na alama inatokea kwenye ramani kila mtu aione.

Alama! Kwenye mteremko wetu! Nikaiona foleni ya magari. Nikanyamaza.

Jumamosi namba iliposhuka nikajiambia, wataalamu wana mashine, wameona kuliko mimi. Kumbe hawakuona kitu. Walikuwa wananisubiri mimi.

"Alikuuliza pale pale juu," Ragnhild akasema polepole. "Ukamwambia miguu."

"Angenicheka."

"Si alikucheka? Mbona wewe bado mzima?"

Niliivuta ile picha, nikamwonyesha Gunnvor ufa wa Alhamisi ulipoanzia. 

Ndugu msomaji, usiishie kwenye namba. Soma maneno ya chini, hasa pale wanapokiri hawajui. Na kama unajua wewe, sema. Hakuna mtaalamu anayeweza kukuonya kwa jambo ulilomficha.

Torgeir yu hai. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Majina ya binti zake wawili anayakumbuka asubuhi, jioni yanampotea. Dada yangu ana miezi kumi na moja hajanifungulia mlango.

Na ajali kama ile huandikwa, mahali pake pakawekwa alama kwenye ramani. Jumamosi iliyopita nilipita na gari langu la theluji, nikahesabu chini ya mteremko wetu.

Magari thelathini na nne.