Tumefika Wawili

Mume wangu hakutaka twende. Nilimwonyesha karatasi ya maelekezo niliyopewa shuleni, akaitupia jicho mara moja, akasema jua ni kali, halafu gari lina mlio asiouelewa. Fundi wa mitambo mgodini, mtu anayesikiliza mashine kubwa kama nyumba akakuambia ina ugonjwa gani, leo haelewi mlio wa gari lake mwenyewe! Nikamwambia basi tutakodi bodaboda mbili. Akaenda kuchukua funguo.

Karatasi ile ilitoka kwa vijana wa kijiji kimoja upande wa Kishapu. Walikuwa wamefungua njia ya matembezi ndani ya ngitili yao, eneo la malisho ambalo wazee walilifunga ng'ombe wasiingie ovyo, mpaka miti ikaota tena. Kando ya njia wakaficha kitu walichokiita sanduku la posta la porini. Ndani yake kuna daftari na muhuri. Ukilipata, unapiga muhuri kwenye daftari lako, unaandika neno kwenye lao, kisha unarudisha kila kitu ulipokikuta. Sheria ni moja tu: usiandike jina. Andika mmefika wangapi na mmeona nini. Nilipanga kuwapeleka wanafunzi wangu baadaye, lakini kwanza nilitaka kwenda na mume wangu. Anafanya kazi Bugarama kwa zamu, wiki mbili kule, wiki moja kwetu Shinyanga, na hiyo wiki moja mimi huigombea kama watu wanavyogombea maji bombani.

Niseme mapema, nina wivu. Naionea wivu simu yake, nawaonea wivu wenzake wa zamu, na kuliko wote namwonea wivu binti yake. Alimpata kabla hajanioa. Mtoto anaishi na mama yake Geita, na wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja. Sisi tulikuwa na miaka saba ya ndoa na hatujajaliwa. Mtaani mume wangu anaitwa Baba, kisha jina la yule binti, kama ilivyo desturi, na mimi, kwa kuwa watu wana adabu zao, naitwa Mwalimu. Jirani akipiga hodi asubuhi namsikia analitaja jina la mtoto wa mwanamke mwingine mlangoni pangu, nami naitikia karibu.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kuikosea heshima. Ilipita katikati ya migunga, kandokando wamepanga mawe yaliyopakwa chokaa. Karatasi ilisema: pita mkwaju mkubwa, hesabu mawe meupe kumi na mawili, tafuta jiwe la karamu, tazama nyuma yake. Nilihesabu kwa sauti. Mume wangu alinifuata nyuma, mikono mifukoni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Karamu ni sherehe, watu wanakula na kunywa. Kwa hiyo nilipoona jiwe bapa, pana, wangeweza kukaa watu ishirini na sinia zao, nikajua nimefika. Nililizunguka mara tatu. Nikaingiza mkono kwenye kila ufa, nikamfukuza mjusi, nikachanika kidole.

"Mwalimu," mume wangu akasema, "hiyo ni kalamu. Ya kuandikia." Akaonyesha kwa kidevu jiwe jingine, jembamba, limesimama wima, juu limechongoka. "Vijana hawa ni Wasukuma kama mimi. Kwetu r na l ni ndugu."

Nilicheka, nikajiona mjinga. Ningesahauje? Nafundisha mkoa ambao mwanafunzi anasahau karamu nyumbani, na mjomba wake anakualika kwenye kalamu ya harusi. Mume wangu mwenyewe, siku za uchumba, aliniandikia ujumbe kwamba ameninunulia karamu nyekundu ya kusahihishia. Nilimrudishia ujumbe wake umesahihishwa. Tangu hapo sijaacha kumsahihisha, naye akiandika mbele yangu huandika taratibu.

Akaenda nyuma ya lile jiwe jembamba, akapeleka mkono chini, akatoa kopo la rangi lenye mfuniko. Hakuinama kuchungulia kwanza. Porini, kwenye mashimo ya nyoka, mtu mzima anatumbukiza mkono bila kuchungulia. Nililiona hilo.

Nikakaa, nikafungua kopo. Muhuri ulikuwa umechongwa kwa soli ya kandambili, picha ya kanga. Nikachukua daftari lao nikaanza kusoma. Tumefika watano, tumeona kanga wengi. Nimefika peke yangu, miiba imenichoma. Halafu ukurasa uliofuata: Tumefika wawili. Tumeona digidigi na mtoto wake. Kalamu ya humu imekauka, tumetumia yetu.

Lakini hiyo kalamu haikuandikwa hivyo moja kwa moja. Iliandikwa karamu, kisha r ikakatwa, juu yake ikawekwa l ndogo.

Wanaoandika karamu wamejaa mkoa mzima. Anayeandika karamu, akashtuka, akaikata r na kuweka l, ni mmoja, na nimemfundisha mimi. Nikatazama tarehe. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi uliopita, siku aliyonipigia simu kusema zamu imeongezwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii niliitembea kwa miguu yangu nikihesabu mawe.

Wawili! Nikamgeuzia daftari, kidole kwenye mstari ule.

"Ulikuja na nani?"

Hakujifanya haelewi. "Na ng'wanone," akasema. Kisukuma humtoka akibanwa. Mwanangu.

Mke mwingine angeshusha pumzi. Mimi nilizidi kuungua. Angekuwa mwanamke ningemjulia. Ningemtafuta, ningempa maneno yake kwa Kiswahili sanifu, angerudi kwao. Mtoto wa miaka kumi na moja utamfanya nini?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Yeye ndiye aliomba. Alisema, baba, hii iwe yetu wawili."

"Mnanificha mimi? Nimemkosea nini?"

"Akija nyumbani," akasema, "wewe unakuja kukaa katikati yetu kwenye kochi."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulionikasirisha. Nikafunga kopo, nikamkabidhi. "Likizo ijayo," nikasema, "tutakuja wote watatu."

"Sawa," akasema. Alikuwa anatazama miti.

Likizo ikafika, binti akaja. Shikamoo mama, marahaba, akanipokea mkoba wangu bila kuambiwa. Ana adabu, hilo silikatai. Njiani mimi nilitangulia nikisoma karatasi kwa sauti, baba yake katikati, yeye nyuma. Tulipomaliza jiwe la kumi na mbili nikamgeukia. "Haya, tafuta wewe, macho yako bado mapya."

Alimtazama baba yake. Kisha akaenda kwenye lile jiwe bapa, akalizunguka, akachungulia kila ufa alioukuta, kama mtu ambaye hajawahi kufika pale. Alikuwa akilizunguka kwa ajili yangu. Baba yake akageuka akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nikawaacha hivyo kwa muda, halafu nikaenda mwenyewe nyuma ya jiwe jembamba, nikalitoa kopo, nikasema, "Kumbe liko huku!"

Niliandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: Tumefika watatu. Binti akapiga muhuri. Aliposhika daftari nilimwona anarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, mpaka akaufikia ule ukurasa wao. Akauangalia. Alipogundua namtazama akalifunga haraka. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Likizo iliyofuata alikuwa na masomo ya ziada. Nyingine, bibi yake alikuwa mgonjwa. Mwaka wa pili sasa hajafika kwetu, na kule porini hawajarudi, si wawili wala watatu. Mume wangu akiwa kwenye wiki yake ya nyumbani yupo kweli, kochini, wangu peke yangu.

Isipokuwa jioni simu ya binti yake ikiita. Hutoka nayo nje akasimama karibu na tenki la maji, nami hukaa nyuma ya pazia. Juzi alimsimulia jambo, sikulipata vizuri, kisha akacheka kicheko ambacho ndani ya nyumba yangu sijawahi kukisikia. Nikafungua dirisha, nikamwita, nikamwambia chakula tayari. Chakula kilikuwa hakijainjikwa.