Mama Alikataa Kushuka Garini

Wakati ule wa vita askari walikuwa wakichukua kila gari linalotembea. Jirani yangu wa Bulengera, mchuuzi wa kahawa, alikuwa na gari la zamani la turubai linalokunjwa, lingali linang'aa. Alilificha nyuma ya magunia, kisha akaamua kuliuza kimyakimya.

Mnunuzi alipofika kutoka Beni, tulimkuta mke wa jirani ameketi ndani, mkoba magotini.

"Mama, shuka," mumewe akamwambia.

"Hapana. Miaka yote hii hukunipandishaka, ati vumbi. Leo unanitembeza kwanza."

"Mais basoda bataiona," akasema, akiwaza askari wa kizuizi cha barabarani.

"Baione."

Jirani akakunja turubai, wakaondoka. Mimi na mnunuzi tulingoja. Walirudi salama. Kumbe kwenye kizuizi askari walipiga saluti, wakidhani ni mkubwa fulani anapita. Mama alishuka amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akashika kiuno, akamwambia mnunuzi kwa upole:

"Kamata, baba. Inaumiza mugongo."

Bei ikashuka papo hapo. Nanyi mnaotaka kuuza gari, watembezeni wake zenu mapema, kabla mnunuzi hajafika kusikiliza.