Mbwa wa Usangu na Sufuria za Ugali

Siku ya kwanza kazini nilipewa buti za mpira za mwanaume. Mtunza stoo wa ofisi ya mifugo pale Iringa alinitazama miguu, akatazama rafu yake, akasema hakuna aliyemwambia kwamba wizara itamletea msichana. Nikajaza matambara kwenye ncha za buti, nikavaa, nikaenda kuripoti kwa Afisa Mifugo wa Mkoa huku nikiburuza miguu. Yeye hakucheka. Alisema, "Karibu, Bwana Mifugo. Josho linakusubiri."

Nikamwambia mimi si bwana.

"Hicho ni cheo, binti. Ukitaka kingine waandikie wizarani, na wakikujibu mimi nitakuwa nimeshastaafu."

Basi nikawa Bwana Mifugo, na nilikaa na jina hilo miaka yote. Wazee wenye mvi walinisalimia hivyo, na mimi nikaitika bila aibu.

Yule mzee alinifundisha kazi. Alinipeleka Isimani, kwenye josho, ule mfereji wa saruji uliojaa maji ya dawa ambamo ng'ombe anaogeleshwa ili kupe wafe. Alinifundisha pia kuchemsha sindano. Nyie wa siku hizi mnachoma mara moja mnatupa. Sisi tulikuwa na mabomba ya kioo, na sindano nene za chuma tulizozinoa kwenye jiwe na kuzichemsha kwenye sufuria, jiko likifuka moshi na macho yakitoka machozi. Ukivunja bomba moja ulikuwa unatafuta maneno ya kumwambia bosi njia nzima.

Nikiwa nimeshazoea, nikahamishiwa Mbeya. Kule bosi wangu alikuwa Afisa Mifugo wa Wilaya, mtu mrefu, mkali, asiyependa maneno asubuhi. Kiangazi kimoja katika miaka hiyo ya sabini ikaja taarifa kutoka tambarare za Usangu: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa akikung'ata, hupanda taratibu hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaonekana hakuna dawa, uwe mbwa au binadamu. Binti mmoja mdogo alikuwa ameng'atwa. Nilitumwa hospitali kuchukua maelezo, nikamkuta ameshaanza kuogopa maji. Mama yake anamsogezea kikombe, mtoto anakisukuma kwa mikono yote miwili. Alifariki. Niliumia sana, nikarudi ofisini na hasira ambayo sikujua nimpe nani.

Kesho yake Afisa Mifugo wa Wilaya alituita wote.

"Wafugaji wa kule wameficha mbwa wao," alisema. "Wachanjaji wamekwenda wakafukuzwa. Kwa hiyo nimeomba askari. Watapita boma kwa boma. Mbwa asiye na alama ya chanjo anapigwa risasi."

Nikasimama. "Mzee, ukimaliza mbwa, fisi watamaliza ndama. Na wale watu hawatakaa kukungoja. Watahama na mbwa waliobaki, na ugonjwa utahama nao."

"Unataka nini?"

"Niende mimi kwanza. Na mzee Sanga, na mbwa wake."

Watu wakacheka. Mzee Sanga alikuwa mlinzi wetu wa ofisi, Mkinga mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Alikuwa na mbwa wawili, Sijali na Tutaona, majina aliyowapa kwa ajili ya majirani zake wa Iyunga, kama watu wengi wafanyavyo, ili akiwaita majirani wasikie.

Bosi hakucheka. "Chanjo haidumu nje ya barafu," alisema. "Barafu ikiyeyuka, ulichobaki nacho ni maji tu. Gari litakushusha, halafu barafu ikikaribia kwisha litarudi na mimi na askari. Nikikuta mbwa wana alama, askari watakunywa chai waondoke. Nikikuta hawana, utakaa pembeni uangalie. Tumeelewana, Bwana Mifugo?"

"Tumeelewana, mzee."

Tuliiacha barabara kuu Chimala, tukashuka bondeni kuelekea upande wa Madibira. Sisi watu wa milimani tulipaita jangwani, na aliyefika kule kiangazi hawezi kubisha. Ardhi nyeusi ilikuwa imepasuka kiasi cha kumeza mguu. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na watu walichota maji kwenye mashimo waliyochimba humo humo. Jua lilichoma tangu asubuhi na vumbi likaingia hadi kwenye chumvi. Tukapiga hema chini ya mgunga. Sanduku la chanjo, la mbao lenye bati ndani, tulilijaza barafu, tukalizungushia maranda na juu tukafunika gunia bichi. Mzee Sanga aliligusa gunia lile mara nyingi kuliko alivyogusa chakula chake.

Kupiga kambi na mbwa kuna utaratibu wake. Mmoja hukaa upande unakotoka upepo na mwingine upande wa pili, maana anayenusa na anayesikiliza hawafanyi kazi moja. Na mbwa hunywa maji kabla ya watu. Mzee Sanga alikuwa hana mzaha na hilo. "Mbwa mwenye kiu anahema tu," aliniambia. "Fisi atapita hapa, yeye anahema." Kwa hiyo mimi mwajiriwa wa serikali nilisubiri na kikombe changu mpaka Sijali na Tutaona wamemaliza.

Mkubwa wa boma la karibu na kambi yetu aliitwa mzee Masanja, Msukuma aliyeshuka Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda na maziwa, akaniambia hana mbwa. Wakati huo huo nilisikia mbwa wanabweka nyuma ya zizi.

"Mzee wangu, na hao?"

"Hao ni wa jirani."

"Jirani yako yuko wapi?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, Bwana Mifugo. Huku sisi hatuna uzio. Mbwa ndiyo uzio wetu. Walikuja watu wa sindano kule tulikotoka, wakawachoma mbwa, mbwa wakalala mchana kutwa. Usiku huo huo fisi akachukua ndama wangu wawili. Sindano inamtoa mbwa ukali. Mbwa mpole nimpeleke wapi?"

Nikamweleza habari za yule binti wa hospitali, na za askari wanaokuja. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, maana habari ya mtoto ilishamfikia. Lakini ndama walikuwa mbele ya macho yake, na askari wa bunduki hakuwahi kuwaona. Nikaona hapa maneno hayatasaidia.

"Njoo kambini kwangu na wenzako," nikamwambia. "Nitawachanja wangu mbele yenu. Kesho mje muangalie kama ukali umetoka."

Wakaja. Mzee Sanga akawafunga mbwa midomo kwa kitambaa, nikachoma kwenye msuli wa paja, Sijali kwanza, halafu Tutaona. Nikawavalisha alama, utepe wa bafta nyekundu shingoni. Wazee wakakaa kivulini kuangalia, na jamani, Tutaona akaanza kuchechemea. Akajikokota hadi chini ya mgunga, akalala, akakataa hata nyama. Mimi nilijua ni maumivu ya sindano tu, kesho yatakuwa yameisha. Lakini wale wazee walitazamana, mmoja akasimama akijipangusa vumbi, na mzee Masanja akaniaga kwa upole kama mtu anayetoka msibani. Mzee Sanga alikaa kando ya Tutaona jioni ile yote, akinipa mgongo. Niligusa gunia la barafu, nikasikia maji yakicheza ndani ya sanduku.

Alfajiri, miti ikiwa ndiyo inaanza kuonekana, mzee Masanja akaja kuwapima mbwa kwa njia yake. Hakubisha hodi. Alijitanda blanketi, akashika fimbo, akaja kinyume cha upepo ili asinuswe, akinyata kama mwizi aliyezoea. Mimi nilishtushwa na kelele. Nilipotoka hemani nikakuta Sijali ana kipande cha blanketi mdomoni, na Tutaona, yule mgonjwa wa jana, anazunguka kichuguu huku akiruka juu. Kileleni pa kichuguu amesimama mkubwa wa boma, miguu mitupu, blanketi limebaki nusu.

"Bwana Mifugo," aliniita kwa sauti tulivu kabisa, "ita mbwa wako. Nimeona."

Mzee Sanga alichelewa kuwaita. Mpaka leo naamini alichelewa makusudi.

Jua halijapanda sana, watu wakaanza kuwaleta mbwa. Na hapo ndipo nilipojua kazi bado. Wanaume waliwavuta mbwa kwa kamba, wengine wanne watano pamoja, na mbwa wa maboma tofauti hawajawahi kupendana. Wakarukiana. Kamba zikasokotana, kijana mmoja akang'atwa kiganja, nikaacha kila kitu nikamwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nikamhesabu kuwa wa kwanza kupanda gari kwenda hospitali. Nilipoinua kichwa, mbwa wengi walikuwa wameshakimbilia vichakani na kamba shingoni. Wanaume walipiga miluzi hadi midomo ikakauka. Hakuna mbwa aliyerudi. Nikatazama sanduku. Barafu iliyobaki ilikuwa kidogo sana, na gari lilitarajiwa siku ile ile.

Mke wa mzee Masanja, mama Kabula, alikuwa amesimama pembeni na wanawake wenzake, mikono kifuani, akiangalia kinachoendelea kama anayeangalia watu wanaopika bila moto.

"Baba Kabula," alimwambia mumewe, "mbwa umemlisha lini wewe?"

Mzee Masanja akainama kukunja kamba.

"Anakufuata machungani kwa sababu ng'ombe wanakwenda huko. Kula anakula kwangu." Akanigeukia. "Bwana Mifugo, unataka waje wote, au mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja, mama. Na wasikutane."

Akawaambia wenzake jambo kwa Kisukuma, wakaondoka wote. Waliporudi kila mmoja alikuwa na sufuria yake ya ugali wa jana na mwiko. Wakakaa chini, mbalimbali, kila mmoja kivuli chake. Mama Kabula akaanza kukwangua ukoko. Kwaru, kwaru, kwaru. Sisi tuliona sufuria zote zinalia sawa, lakini mbwa hawakuona hivyo. Kichakani akatoka dume la kahawia lenye sikio lililochanika, akapita katikati ya watu na mbwa wengine bila kumtazama yeyote, akaenda kuweka pua kwenye mapaja ya mama Kabula. Alimshika kichwa kwa mkono mmoja, akamlisha ukoko kwa mwingine, na mimi nikachoma. Mbwa hakuinua hata macho. Nikafunga utepe. Mama Kabula akampa wa pembeni yake zamu, sufuria ya pili ikaanza.

Sijawahi kufurahia kazi kama siku ile. Nilipita kivuli hadi kivuli, mzee Sanga nyuma yangu na maji ya moto ya sindano, wanawake wakinitania kwamba nina mkono mwepesi, niwachanje na waume zao. Watu wa maboma ya mbali walisikia, wakaja na sufuria zao kichwani. Bafta ikaisha, mama mmoja akachana kanga yake nyekundu. Nilipovuta dawa ya mwisho, kwenye sanduku kulikuwa na kipande cha barafu kisichozidi kidole gumba. Nilimpa mzee Sanga, akakiweka mdomoni.

Vumbi la Land Rover tuliliona mapema. Afisa Mifugo wa Wilaya akashuka, na askari wakashuka na bunduki zao. Mbele yao wanawake wamekaa na sufuria, na kila mwanamke mbwa wake amelala ubavuni na utepe mwekundu shingoni. Bosi alitembea taratibu kutoka kivuli hadi kivuli, mikono nyuma. Akafika kwa mama Kabula. Lile dume lenye sikio lililochanika likamkoromea.

"Huyu umemchanja?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Mbona bado mkali?"

Mzee Masanja akajibu kabla yangu. "Wote wakali. Mimi mwenyewe nimewapima." Akanyoosha blanketi lake lililochanika ili bosi alione vizuri.

Bosi akawageukia askari. "Bunduki rudisheni garini. Akina mama hawa wana chai."

Njiani kurudi, kijana aliyeng'atwa tukiwa naye kwenye gari, bosi alitazama barabara hadi tulipokaribia Iyunga. Hapo akakohoa. "Bwana Mifugo, hata mimi nyumbani nina mbwa. Sijawahi kuweza kumshika."

"Mama yupo nyumbani, mzee?"

"Yupo."

"Ana sufuria?"

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Mbeya na Iringa, chini ya wakubwa wengi, na kila nilikokwenda kuchanja mbwa nilianza kwa kuwasalimia wanawake. Nilipoagwa kustaafu, mama Kabula, naye ameshakuwa bibi, alimtuma mjukuu wake anifikishie sufuria ile ile. Imekwanguliwa mpaka ikatoboka, haifai kupikia kitu.

Naishi Iringa sasa. Jioni nakaa mlangoni, naikwangua kwa mwiko. Mbwa wangu anakuja mbio, na wa majirani wanafuata. Nawashika shingo mmoja mmoja, nikipapasa kama utepe upo. Asiyekuwa nao, nauliza ni wa mama nani.