Dume la Mabaka la Mogesi

Abdillah alikuwa fundi wa kuandika mabango hapa Nyangoto. Dhahabu ilipochangamka, karibu kila duka lilikuwa na mkono wake: kinyozi, bucha, hata baa, ingawa yeye baa haingii. Kisha mashine za kuchapa mabango ya plastiki zikafika Tarime, brashi zake zikakaukia kwenye kopo.

Kwa hiyo mzee Mogesi alipomwita, alikwenda upesi. Mogesi alikuwa amejenga tegesha, nyumba ya kungojea fidia ya mgodi, isiyokaliwa na mtu.

"Piga plasta, paka nyeupe, basi."

"Ukuta wa mbele niachie nichore, mzee."

"Umchoree nani, mura? Mijusi?"

Lakini alimwachia. Kuta tatu zilikwisha haraka. Wa nne ulimchukua siku nane, peke yake na upepo. Alipiga plasta kidogo kidogo, akiwafinyanga ng'ombe ingali mbichi, wakishuka kunywa maji Mto Mara, kisha akawapaka rangi. Siku ya mwisho Mogesi alikuja, akasimama mbele ya dume la mabaka.

"Huyu si yule niliyemuuza nikanunua mabati haya?"

"Ndiye. Nilimwona mnadani."

"Na pembe yake iliyovunjika umeiweka." Mzee akaondoka polepole.

Abdillah alifurahi, na mkono ukafanya ulivyozoea. Fundi Swaleh, aliyemfundisha kazi, alimwambia picha haijaisha bila jina na siku. Akachukua msumari, akaandika chini ya kwato: Abdillah, 9 Aprili, na mwaka wenyewe.

Wiki iliyofuata mthamini wa fidia akaja. Tangazo lilishasema, nyumba iliyomalizika baada ya Februari hailipwi. Mogesi akaapa kwamba yake ilipigwa plasta mwaka jana. Mthamini akazunguka, akafika kwa ng'ombe, akainama.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi," Abdillah akajibu, kifua mbele. Tangu aje Nyangoto hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mthamini akaweka kidole kwenye tarehe, akafunga daftari.

Majirani walilipwa, wakahama, nyumba zao zikasawazishwa. Ya Mogesi ikabaki imesimama peke yake. Watu wakaanza kumwita Abdillah "Tarehe", na hakuna aliyempa tena hata choo apake chokaa.

Juzi alibeba rangi iliyobaki akaitengeneze ile pembe, imeanza kupauka. Akamkuta Mogesi ameketi juu ya jiwe, anamtazama dume wake. Abdillah hakumsogelea. Alingoja mbali, kopo mkononi, mpaka mzee alipoinuka akaenda zake.