Zamu ya Mgongoni

Wanawake tuliovuka pamoja kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nawakumbuka wote, jina kwa jina, na watoto wao pia. Majina hayo nayabakiza moyoni. Nataka kusema habari ya mgongo wangu.

Kahawa ilipoanguka bei kule Mbozi, mume wangu alikwenda Mlowo kubeba magunia ya wanunuzi wa mazao. Mimi nikabaki Tunduma, chumba cha kupanga, na binti yetu ambaye ndiyo kwanza ameacha ziwa. Siku hizi wasomi wanauliza redioni kama mama achague kazi au mtoto. Mimi hakuna aliyeniuliza. Asubuhi nilimwacha kwa mama mwenye nyumba, nikajitwika mchele, nikavuka.

Jioni kichwa kilirudi kitupu, mgongo ndio umejaa. Sukari tuliyonunua ng'ambo tuliifunga kwa kitenge mgongoni, vile vile mtoto anavyofungwa, ili mikono ibaki huru. Mama mwenye nyumba akiniona hupiga kelele tangu mlangoni:

"Wewe mwanamke! Mtoto wako wa sukari leo kanenepa!"

"Ananyonya vizuri, dada yangu."

Tunacheka. Kumbe binti yangu anasikia, na yeye hacheki. Aliamini. Siku moja alinizunguka nyuma, akapapasa kile kitenge, akauliza, "Mama, amelala?"

"Nani?"

"Huyo. Mshushe. Ni zamu yangu."

Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na sukari ilikuwa inasubiriwa dukani. Nikamwambia, "Kesho, mwanangu." Kesho yake akasema tena, nami nikajibu vile vile. Halafu akaacha kusema. Nilidhani ameelewa kwamba ile ni sukari. Nilipokuja kupata nafasi ya kumbeba, miguu yake ilikuwa inaburuzika chini, akakataa kwa aibu.

Ile sukari ndiyo iliyomsomesha. Sasa yuko kwenye ofisi ya watu wa kutoa mizigo forodhani, naye amezaa. Likizo ya uzazi ilipokaribia kuisha alinifuata kwangu Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, kichanga mkononi.

"Mama, nirudi kazini au nibaki naye?"

"Mwenzako anasemaje?"

"Anasema nichague mwenyewe."

"Na kodi ya nyumba, nayo kasema ichague yenyewe wa kuilipa?"

Akacheka, kisha macho yakajaa maji. Nikampokea kichanga. Miaka yote hii nilingoja mtu aniulize mimi swali hilo. "Jumatatu mlete," nikamwambia.

Jumatatu alikuja asubuhi na bodaboda. Nikainama, akamlaza mtoto mgongoni kwangu, akanisaidia kukaza kitenge.

"Unauma mgongo, mama?"

"Hauumi." Ulikuwa unauma. Ulishabeba sana, ila si watoto.

Alishaweka mkoba begani, lakini hakuondoka. Alisimama akimtazama mwanawe, shavu limelala kati ya mabega yangu. Dereva akapiga honi.

"Mama, na mimi ulikuwa unanibeba hivi? Mbona sikumbuki."

Ningeweza kusema ndiyo. Mama mwenye nyumba alishafariki, hapakuwa na wa kunipinga.

"Kidogo," nikamwambia. "Kidogo sana, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda pikipiki. Nilibaki pale uani nikimbembeleza mjukuu, na hata alipolala sikumshusha.