Siko kwa Risti

Sikuwahi kuipenda ofisi ile ya Kitale, na simwombi mtu radhi. Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, meza nne, watu watano, na kati ya hao watano wanne walijua kompyuta ni ya kutazamia mpira. Bingwa wao alikuwa meneja. Mtu mzima, tai shingoni, akitaka kujumlisha safu ya jedwali anatoa kikokotoo mfukoni, anabonyeza, kisha anarudi kuandika jibu kwenye jedwali kwa vidole viwili. Nilimwona kwa macho yangu haya, nikatoka nje nikachekee kwenye ngazi.

Kazi yetu ilikuwa kutayarisha orodha ya wakulima wa kupewa mbegu na mbolea kabla ya mvua. Mzigo ulikuja mara moja kwa mwaka. Mwenye jina anachukua, asiye na jina anapanda alichobakiza ghalani, shauri yake. Kila kituo kilituletea jedwali lake, nasi tukalilinganisha na jedwali la vitambulisho, jina kwa jina, nambari kwa nambari. Wenzangu walifanya kazi hiyo kwa rula na kidole. Wiki tatu! Kuna mmoja aliyekuwa akilamba kidole kabla ya kushuka mstari, ati skrini nayo hufunguliwa kama Biblia. Wakipotea, wanaagiza chai na kuanza upya.

Mimi nikaandika skripti. Ni maagizo machache tu, kwa lugha ya kompyuta niliyojifunza peke yangu chumbani kwangu mtaa wa Kibomet: fungua jedwali, soma mstari, chukua jina na nambari, vitafute kwenye vitambulisho, ukivipata andika YUPO, usipovipata andika HAYUPO, shuka mstari unaofuata. Kazi ya wiki tatu iliisha kabla chai yao haijapoa. Meneja alisimama nyuma yangu, mdomo wazi, akaniuliza kama nambari ya kitambulisho peke yake haitoshi. Nikamwambia haitoshi hata kidogo. Nambari ikikubali na jina likikataa, huyo ni mjanja amebeba kitambulisho cha jirani, atoke. Herufi kwa herufi, hakuna kubembelezana.

Jedwali la kituo cha Bumula, Bungoma, lilitema HAYUPO nyingi mpaka nikafurahi. Sababu niliijua. Watu wa upande wa Bungoma, l na r kwao ni mapacha, yeyote akiitwa wote wanaitika. Mchele ni mchere, barua ni balua, na karani wao huandika anavyosikia. "Mtu ameshindwa na jina lake mwenyewe," nikamwambia meneja, "mbolea ataiweza?" Meneja, ambaye mtambo ukizima husema kompyuta imerara, akacheka na mimi.

Na usidhani mimi ni mgeni huko. Nimezaliwa Bumula. Aliyenilea ni mama mkubwa, dada ya mama yangu, tangu siku za kubebwa mgongoni mpaka nikamaliza shule, kwa mahindi ya shamba dogo lisilofika ekari. Nilipohamia Kitale niliusugua ulimi wangu kama sufuria iliyoungua ugali, na kila nikirudi nyumbani nilimsugua na yeye. Si karamu, mama mkubwa, ni kalamu. Si rakini, ni lakini. Yeye anasema, "Haya, mwarimu," kisha anaendelea vilevile, na mimi nabaki nimenuna.

Ni mimi niliyemwandikisha kwenye mpango wa mbegu. Ilikuwa Desemba, tuko jikoni, yeye ananisomea nambari kutoka kwa kitambulisho, mimi naandika kwa simu yangu moja kwa moja kwenye jedwali la kituo. Jina sikumuuliza. Nimuulize jina lake, mimi? Mwaka huo aliingoja ile mbegu kwa hamu, kwa sababu mahindi ya ghalani yalikuwa yametobolewa na fukusi. Ukiyashika mkononi yanakuachia unga.

Siku ya kwanza ya kugawa, asubuhi, simu yangu ikalia. Nilikuwa nikimwonyesha meneja skripti, naye anauliza ati hii mistari ya kijani inasema nini.

"Mama," akasema mama mkubwa. Huniita hivyo tangu utoto. Nyuma yake kulikuwa na kelele za foleni. "Wanasema mimi siko kwa risti."

Risiti! Risiti za wakulima tulizichapisha sisi Kitale, zilikuwa zipelekwe vituoni baada ya mbegu kuisha kugawanywa, na hilo nilikuwa nimelieleza mpaka koo likakauka.

"Hizo huja baadaye, mama mkubwa. Rudi nyumbani ungoje, mimi nitashughulikia."

"Ningoje?"

"Ngoja tu. Mbona huniamini?"

"Haya, mwarimu."

Nikakata simu, nikamgeukia meneja. Watu wa nyumbani, nikamwambia, hata kupewa cha bure ni mpaka washikwe mkono. Meneja alikuwa na simu zake mwenyewe za kupokea.

Kugawa kulichukua siku tatu. Siku ya nne meneja alinituma Bumula na kompyuta, niende nikatulize watu. Nilimkuta karani wa kituo ameketi kwenye stoo tupu, mama wa makamo mwenye sweta nzito kwenye jua kali, na mbele yake daftari kubwa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilimtazama nikaona ujinga wote wa wilaya umevaa sweta.

"Ni wewe uliandika haya majina?" nikamuuliza, bila hata salamu.

"Habari ya Kitare, dada," akasema. "Ni mimi. Yako na shida gani?"

"Hayasomeki. Mashine haiyapati."

"Hapa hatusomi jina, tunaita. Naita, mtu anaitika. Akiitika, si ni yeye? Sasa hiyo mashine yako iriita nani?"

Lo, nilimdharau mwanamke yule! Nikafungua jedwali nimwonyeshe makosa yake moja moja, na nikaanza na mtu ninayemjua ili asinibishie. Nikatafuta mstari wa mama mkubwa. HAYUPO. Nambari ilikuwa sawa, tarakimu zote. Kwenye kitambulisho jina lina l. Kwenye jedwali letu lina r. Nikateleza mpaka safu ya mwisho, ile inayoonyesha mstari uliandikwa kwa simu ya nani, nikiwa na kidole tayari cha kumnyooshea karani. Nambari ilikuwa yangu.

Niliandika nilivyosikia. Miaka yote hiyo nimesikia mama mkubwa akijitaja kwa r, na mimi mwarimu nikaandika r. Nyani haoni kundule, na mimi langu lilikuwa limechapishwa kwenye jedwali.

Karani alichungulia skrini. "Huyo mama namjua. Arikuja siku ya kwanza, akawa mtu wa kumi kwa raini. Nikamwambia, mama, hauko kwa risti, pigia Kitare. Wengi waripigia meneja wenu, akasema kama nambari ni sawa inatosha, nikawaongeza kwa mkono. Huyo akasema yeye ako na mtoto wake hapo ofisini. Akapiga hapa hapa mbere yangu. Kisha akaniambia ati ameambiwa aende nyumbani angoje."

Risti. Listi. Mwanamke alikuwa akiniambia hayumo kwenye listi, ile orodha yetu, nami nikampa somo la risiti.

"Imebaki mbegu?" nikauliza.

"Iriisha jana saa nne."

Skripti niliirekebisha palepale, kompyuta juu ya gunia tupu. Mstari mmoja tu: kabla ya kulinganisha, kila r ihesabiwe l. Nikaiendesha tena, na karibu Bumula nzima ikageuka YUPO. Mama mkubwa naye, YUPO. Nilitamani kuitupa ile mashine kwenye mtaro. Meneja wa kikokotoo alikuwa ameokoa watu kwa simu na maneno matatu, na mimi na akili zangu zote nilikuwa nimemtoa aliyenilea.

Nilienda kwake kwa miguu. Nilimkuta nje ya jikoni, ungo mapajani, anachagua mahindi ya ghalani, yenye matundu anatupia kuku, yasiyo na matundu anayaweka kando. Ya kando hayakujaza kikombe. Shamba lilikuwa limelimwa tayari, mistari imenyooka, na mbinguni kumekuwa kweusi.

"Karibu, mama," akasema. "Niringoja. Umeleta hiyo risti?"

Siku nyingine yoyote ningemsahihisha. Nilichuchumaa kando ya ungo na mkoba wa kompyuta begani.

"Hauko kwa risti, mama mkubwa," nikasema. "Ni mimi nilikutoa."

Hakuinua macho. Alipuliza vumbi la fukusi kwenye punje moja, akaigeuza, akaitupia kuku.

"Si nirikuambia," akasema.