Pampu ya Kumleta Mutalemwa Kibanjani

Kilichoniondoa Izigo ni habari kutoka kisiwani Bumbire: mdogo wangu Mutalemwa, mvuvi, hana siku nyingi, na anataka kufia kibanjani, kwenye migomba ya baba. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, UKIMWI bado tukiuita Juliana. Mtumbwi pekee niliopata ulikuwa unavuja.

Bukoba mjini, Mhindi mwenye duka alinitolea pampu mbili za mkono. Kubwa ilitaka mikono miwili. Ndogo unaikanyaga kitako na kuvuta mpini kwa mkono mmoja.

"Mkono wa pili una kazi gani, mama?"

Nikamwambia utamshika mgonjwa. Akairudisha kubwa kwenye rafu.

Asubuhi mwaloni, ufukweni inapofungwa mitumbwi, niliijaribu, ikatapika maji vizuri. Ta Byabato, mwenye mtumbwi, akanitania kwamba nitalikausha ziwa.

Bumbire tulifika mchana, na milango ilikuwa imefungwa. Waliombeba Mutalemwa hawakumsemesha. Walikuwa wamekata nyasi mbichi, wakazitandika mtumbwini nene, kama tunavyotandika nyumbani kwa mgeni au kwa msiba. Zilinitisha, lakini nyasi za heshima unazikataaje? Nikashukuru. Mama mmoja akanipa pole ya msiba. Nikamwambia yu hai. Akamtazama, akarudia pole.

Wakati wa kurudi ziwa lilinyamaza, hata kafi halikusikika. Maji yakapanda. Nikavuta pampu, ikakoroma kama mtu anayekata roho: nyasi zilikuwa zimeiziba mdomo. Nilizichomoa, zikaiziba tena. Kuzitupa niliogopa, na Ta Byabato aliogopa kuliko mimi. Maji yalipofika kiunoni mwa Mutalemwa, akafumbua macho.

"Dada, tupa nyasi. Mimi sijafa."

Akashika konzi ya kwanza, akaitupa mwenyewe. Tukamfuata, na pampu ikafanya kazi. Lakini nyasi zile hazikutawanyika. Zilielea nyuma yetu zikiwa na umbo la mtu aliyelala.

"Waitu, ndugu yangu, usigeuke," Ta Byabato akaninong'oneza.

Nyumbani Izigo, mama alimlaza karibu na mlango, aione migomba. Kesho yake wakaja watu wa Bumbire na pole. Wavuvi walikuwa wameona mtu wa nyasi majini, wakajua tumezama au amefariki.

Mutalemwa aliweka chini kikombe cha uji, akapokea pole yake mwenyewe, akawashukuru vizuri kabisa. Siku chache baadaye tulimzika pale pale kwenye migomba aliyokuwa akiitazama.

Nilijifunza kuchagua pampu kwa kufikiria mkono utakaobaki, na kuacha sakafu ya mtumbwi tupu. Lakini nyasi, tangu siku ile, simtandikii mtu kabla hajaniambia mwenyewe kwamba amefika.